Kuku Watano Uani: Jinsi ya Kuanza Kufuga Nyumbani Kwenye Baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Mtu wa Mbeya, Njombe au Makete akisema anataka kufuga kuku, wengi humwambia baridi itawamaliza. Basi anajenga banda lisilo na tundu, anaziba hata mianya ya chini ya bati kwa magunia, na mwezi Juni haujaisha kuku wanakoroma usiku na kutokwa makamasi. Hapo anaamini kweli baridi imewaua. Sivyo. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili anaistahimili vizuri baridi ya huku kwetu. Kinachomwangusha ni unyevunyevu, hewa nzito ya mavi, na upepo unaompiga moja kwa moja akiwa amelala. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya kazi imeeleweka.

Haya ninayoandika ni kwa anayetaka kuku wachache wa nyumbani, wanne hadi sita, wa kupata mayai na wa watoto kuwajua mmoja mmoja kwa majina. Anayefuga mia tano kwa biashara ana mahesabu mengine. Kuku wachache ni furaha kubwa na kazi ndogo, mradi mambo yafuate mpangilio wake: banda kwanza, chakula kiwepo, mwenye chanjo ajulikane, ndipo kuku waletwe.

Hatua ya 1: Uliza, kisha chagua eneo

Kama uko mjini, pita ofisi ya mtaa au kata uulize sheria ndogo za mifugo. Ongea na jirani pia, hasa kama mnapakana ukuta kwa ukuta. Mwambie mapema unataka kuleta kuku wangapi na banda litakaa wapi. Jirani aliyeambiwa mapema huvumilia mengi.

Eneo liwe na mteremko kidogo ili maji ya mvua yasituame. Tukuyu na Rungwe kwa ujumla mvua hainyeshi kwa msimu tu, inakaa, kwa hiyo huko inua banda juu ya nguzo, walau sentimita 50 kutoka ardhini. Iringa mjini na Makambako kero kubwa ni upepo. Upepo wa kipupwe, Juni hadi Agosti, huvuma zaidi kutoka kusini mashariki, basi mgongo wa banda uelekee huko na mlango uwe upande wa pili. Jua la asubuhi likiweza kuingia, ni vizuri zaidi.

Hatua ya 2: Jenga banda kavu linalopumua

Kwa kuku watano, banda la mita 2 kwa mita 1.5 linatosha kulala na kujikinga mvua, ikiwa mchana wanatoka nje. Hesabu ya kawaida ni kuku wanne au watano kwa kila mita moja ya mraba. Usijibane. Banda dogo hulowa haraka, na kuku waliosongamana hudonoana.

Huku hatuna shida ya mbao. Karibu na Mafinga, kwenye misitu ya Sao Hill, mabanzi ya misonobari hupatikana kwa bei nafuu, na banda zuri la kuku watano linaweza kujengwa kwa mabanzi, misumari, bati mbili tatu na wavu. Tofali za kuchoma nazo ni nzuri kwa mwenye nazo. Ukuta upande wa upepo uwe mzima. Pande nyingine zijenge hadi juu kidogo ya kimo cha kuku akiwa amekaa kwenye fito, kisha acha nafasi ya wazi ya kama sentimita 30 chini ya paa, uifunge kwa wavu. Nafasi hiyo usiizibe, hata Julai, hata umande ukigeuka barafu kwenye majani. Hewa yenye joto na unyevu inapanda na kutokea hapo, na upepo unapita juu ya migongo ya kuku bila kuwagusa. Banda lililozibwa kote asubuhi utalikuta bati linadondosha maji kwa ndani. Maji hayo ni pumzi ya kuku iliyogeuka maji kwenye bati baridi na sasa inawarudia mgongoni.

Kuna namna rahisi ya kujua banda lako linapumua au la. Amka kabla ya kuwafungulia, fungua mlango kidogo, chuchumaa mpaka uso wako uwe kwenye kimo cha kuku, kisha vuta pumzi. Macho yakiwasha au pua ikichomwa, hewa ni mbaya, na kuku wameivuta hiyo usiku kucha. Halafu chota konzi ya matandiko kutoka chini ya fito uiminye. Ikisambaa ukifungua kiganja, ni kavu. Ikibaki donge, ondoa sehemu hiyo na uongeze kavu.

Matandiko mazuri ni maranda ya mbao au pumba ngumu za mpunga, zile zinazojaa kwenye mashine za kukoboa za Mbarali. Tandika unene wa vidole vinne au zaidi. Maranda yatoke kwenye mbao zisizowekwa dawa, na yawe vipande vyembamba vya randa. Vumbi la msumeno liache: linashika maji, linapeperuka kwenye pua za kuku, na vifaranga hulila wakidhani ni chakula.

Fito za kulalia ziwe nene kiasi cha sentimita 5, zilizolainishwa kingo, juu kama sentimita 60 kutoka sakafuni. Kila kuku apate nafasi ya sentimita 20. Kuku akilala kwenye fito nene hufunika vidole vyake kwa manyoya ya tumbo na kuvitia joto; kwenye fito nyembamba vidole hubaki nje. Kiota kimoja kinatosha kuku wanne au watano. Kiweke pahali penye giza, chini kuliko fito, la sivyo watalala humo na kukichafua.

Kuhusu usalama, wavu wa kawaida wa kuku unazuia kuku asitoke. Haumzuii kicheche. Sehemu za chini tumia wavu mgumu wenye matundu madogo, na uufukie ardhini kama sentimita 30 kuzunguka banda, kwa sababu nguchiro na kicheche huchimba. Mlango uwe na komeo la kweli. Wakati wa mvua angalia siafu: kundi la siafu likiingia usiku linaweza kumaliza kuku anayeatamia na vifaranga wake wote. Miguu ya banda lililoinuliwa iweke ndani ya makopo yenye oili chafu, na majani kuzunguka banda yafyekwe.

Neno moja kuhusu kulaza kuku jikoni. Vijiji vingi vya huku kuku hulala kwenye jiko la kuni, na nia ni njema, kuwapa joto na kuwaficha wezi. Lakini moshi unachubua njia za hewa za kuku, na magonjwa ya mafua yanapata mlango. Wajengee kibanda chao, hata kiwe kidogo.

Hatua ya 3: Chagua kuku wanaofaa baridi

Anayeanza ningemshauri anunue matetea wa miezi mitatu au minne, aachane na vifaranga vya siku moja. Matetea wameshavaa manyoya kamili, hawahitaji moto, na baada ya miezi michache wanataga.

Kuku wa kienyeji ni wagumu, wanajitafutia, na wanajua kuatamia. Hutaga mayai 12 hadi 15 kisha wakataka kulalia, na kwa mwaka hufanya hivyo mara tatu au nne. Kuku weusi tunaowaita Malawi, ambao asili yao ni Australorp wa Australia, ni wapole na hutaga zaidi. Rangi na wingi wa manyoya yao vinafaa sana nyanda hizi. Chotara kama Sasso na Kuroiler hukua haraka, lakini wanakula sana na wengi wao hawaatamii. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, ni kuku mzuri wa Kyela kwenye joto. Kumpeleka Makete ni kumwonea. Vivyo hivyo wale wenye manyoya yaliyopinda kwenda juu, maana manyoya hayo hayashiki joto. Kuchi ni kuku wa fahari, mrefu na mwenye ubavu, ila wengi ni wakorofi. Kwenye nyumba ya watoto wadogo ningemwacha.

Jogoo si lazima. Kuku jike anataga bila jogoo, mayai yake hayataanguliwa tu. Kama nyumba zimebanana, anza bila jogoo na majirani watalala.

Unapokwenda kununua, iwe soko la Mwanjelwa mjini Mbeya au kwa mfugaji kijijini, mshike kuku mikononi. Macho yawe makavu na maangavu, pua isiwe na ute, manyoya ya chini ya mkia yawe safi. Panua manyoya kuzunguka njia ya haja, hapo ndipo utitiri na chawa hujificha. Angalia miguu: magamba yakiwa yameinuka na kuwa na ukoko mweupe, kuna utitiri wa miguu. Kisha msogeze sikioni usikilize anavyopumua. Ukisikia mkoromo, mrudishe, na usinunue mwingine kutoka kundi hilohilo.

Kusafirisha, tumia tenga au boksi lenye matundu. Kumfunga kuku miguu na kumning'iniza kichwa chini kutoka mnadani hadi nyumbani ni mateso, na hufika akiwa amedhoofu kiasi cha kupata ugonjwa wowote uliopo. Mbebe kwa kupitisha kiganja chini ya kifua, miguu ikiwa kati ya vidole vyako, mkono mwingine ukituliza mabawa.

Kama moyo umeng'ang'ania vifaranga, wachukue Septemba au Oktoba hewa ikiwa imepata joto, usichukue Mei kuingia kipupwe. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi joto 32 hadi 35 pale walipo, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka waote manyoya. Kipimajoto kinasaidia, ila vifaranga wenyewe ni kipimo bora. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema mdomo wazi, joto limewazidi. Wakitawanyika, huyu anakula, yule amelala amenyoosha bawa, joto limekaa sawa. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa zinawavusha saa kadhaa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari: gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, inaua vifaranga na inaua watu waliolala nyumba hiyohiyo.

Hatua ya 4: Chanjo ya kideri isingoje

Kideri, wengine wanauita mdondo, ndio ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima ndani ya siku chache, na mara nyingi huja miezi ya kiangazi na upepo. Kuku anazubaa, anaharisha kijani, anahema kwa shida, shingo inapinda, mabawa yanalegea. Dawa ya kuutibu haipo. Kuna chanjo tu, nayo ni rahisi na ya bei ndogo.

Chanjo inayofaa mazingira yetu ni ya aina ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingi. Hapa nchini inatengenezwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, kwa jina la TEMEVAC. Kila kuku hupewa tone moja jichoni: mlaze ubavuni, dondosha, subiri apepese jicho ndipo umwachie. Inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Andika tarehe ukutani au kwenye simu, kwa sababu miezi mitatu husahaulika upesi. Chanja kuku wazima tu. Chupa ina dozi nyingi kuliko kuku wako watano, kwa hiyo elewaneni na majirani, mchange hela, mchanje siku moja. Hili nalisisitiza kwa moyo wote: kuku wa jirani asiyechanjwa ni mlango wazi kwenye uwanja wako.

Muulize afisa mifugo wa kata kuhusu ndui, ambayo huenezwa sana na mbu wakati wa mvua na chanjo yake huchomwa kwenye ngozi ya bawa. Vifaranga wana ratiba yao ya chanjo, ikiwemo ya ugonjwa wa gumboro.

Kuku akizubaa, mtenge siku hiyohiyo. Usikimbilie kuchanganya antibayotiki kwenye maji ya wote kwa kukisia. Eleza dalili kwa mtaalamu, au kama kuku amekufa ghafla mpeleke akiwa bado mbichi achunguzwe. Dawa yoyote ikitumika, mayai yasiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa ziishe. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa usimle na usimtupe bondeni; mchome moto au mzike kwa kina mbwa asifukue.

Utitiri na chawa hupungua sana kuku wakiwa na pa kuogea vumbi. Weka chini ya kipaa beseni kubwa au shimo lenye udongo mkavu uliochanganywa na majivu ya kuni. Miguu yenye magamba ipakwe mafuta mazito mara kadhaa kwa wiki mpaka ukoko udondoke.

Hatua ya 5: Chakula, na vile ambavyo kwetu ni vingi lakini ni sumu

Kuku mkubwa anakula gramu 100 hadi 120 kwa siku na kunywa maji takriban mara mbili ya hizo. Wiki za kwanza nunua chakula kilichochanganywa tayari. Ukishazoea unaweza kuchanganya mwenyewe. Kwa kilo 10 tumia kilo 6.5 za mahindi yaliyoparazwa pamoja na pumba zake, kilo 2 za mashudu ya alizeti, kilo 1 ya dagaa waliosagwa, nusu kilo ya chokaa ya mifugo au mifupa iliyosagwa, na gramu 30 za chumvi. Dagaa wakiwa wa chumvi, chumvi iache kabisa, maana ikizidi huua. Kuku watano watakula mchanganyiko huo wiki mbili na zaidi.

Kila siku waongezee majani: mchicha, chainizi, majani ya kabichi. Yafunge fungu uyaning'inize kimo cha kichwa chao. Yatabaki safi na kuku watapata shughuli. Maganda ya mayai yakaushe na kuyasaga kabisa kabla ya kuwarudishia.

Sasa tahadhari. Mahindi yaliyooza au kuota ukungu, ambayo nyumba nyingi huyatenga "ya kuku", yana sumukuvu. Inaharibu ini la kuku, inapunguza nguvu ya kinga hata chanjo isishike vizuri, na mabaki yake yanaweza kufika kwenye yai unalokula. Yatupe. Parachichi limejaa Rungwe na Njombe, lakini majani, ganda na kokwa lake vina sumu ya pesini inayodhuru moyo wa ndege. Usiwatupie maganda na usiwafungie chini ya mti unaodondosha. Viazi mviringo vyenye ukijani au vilivyochipua, pamoja na maganda yake, si chakula. Maharage yasiyopikwa ni sumu pia, hata yale machache yaliyomwagika wakati wa kupeta.

Hatua ya 6: Wazoee, nao wakuzoee

Siku tatu hadi saba za mwanzo wafungie ndani ya banda lao na uzio wake, wajue hapo ndipo kwao. Baada ya hapo watarudi wenyewe jua likizama. Kama ua ni mfupi, kata ncha za manyoya marefu ya bawa moja tu, atapoteza mizania na hataruka. Usikate manyoya yanayoota, yenye damu kwenye shina.

Kuku hufundishika kwa tumbo. Kaa chini kimya na punje au kumbikumbi kiganjani, usimfuate. Mmoja jasiri atakuja, anyakue na kukimbia, kisha arudi, na wenzake watamwona. Uwe na mlio mmoja wa kuwaita chakula na usiutumie kwa lingine. Siku mwewe akizunguka juu au mvua ikitaka kushuka, utawaingiza ndani wote kwa mlio huo. Watoto wafundishwe kumbeba kwa kifua, kutomkimbiza, na kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika au kuokota mayai, kwa kuwa hata kuku mzima hubeba salmonela. Kumbusu kuku wasifanye.

Zoea kupita bandani saa mbili usiku na tochi, wakiwa wametulia kwenye fito. Wahesabu, kisha zima tochi usikilize. Mkoromo, kupiga chafya, mluzi wa pua, vyote vinasikika hapo kabla dalili hazijaonekana mchana. Aliyelala sakafuni wakati wenzake wako juu, mshike umkague palepale.

Hatua ya 7: Mayai ya kwanza na kuku wa kuongeza

Malawi na chotara huanza kutaga wakiwa na miezi mitano hadi sita, kienyeji miezi sita hadi minane. Weka yai la kuchonga au jiwe laini kiotani kuwaonyesha mahali. Okota kila siku. Yai lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu na uliweke bila kuliosha, kwa sababu kuliosha kunaondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda.

Kuku akianza kukaa kiotani muda wote na kuvimbisha manyoya ukimsogelea, anataka kuatamia. Kama una mayai ya jogoo na hewa ni ya joto, mpe 10 hadi 12 na mtenge na wenzake. Siku ya 21 yataanguliwa. Kama hutaki, mwondoe kwenye kiota, mweke siku chache kwenye kitundu chenye sakafu ya wavu na hewa ya kutosha chini, akiwa na chakula na maji, hamu itamtoka.

Ukitaka kuongeza kuku wapya, watenge wiki mbili mbali na wako, chombo cha maji na viatu vyako vikiwa tofauti, na wahudumie baada ya kumaliza wa zamani. Wachanje. Kisha waweke wiki moja waonane kupitia wavu, ndipo uwachanganye jioni na kuwapandisha kwenye fito gizani. Siku hiyo ya kwanza weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, pembe tofauti za banda, ili wageni wale bila kufukuzwa.